Maswali ya Gari: Prado ya dizeli kutoka Gongoni, tuchukue ama tuache?

SWALI: Assalaam aleikum kaka fundi. Mie ni mama wa Shela, hapa hapa Malindi, tuna nyumba ndogo ya wageni na bwanangu ndio huwapeleka wageni Marafa kuona Nyari, lile korongo, na wengine Tsavo kupitia Sala Geti. Sa hii gari tunakodi za watu na faida yote inaishia huko. Sasa tumepata Prado 120 ya mwaka 2009, dizeli, 3.0 D-4D otomatiki, ililetwa kutoka Uingereza 2016, mwenyewe yuko Gongoni anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi na anataka milioni moja na laki tisa. Mita inasoma 138,000. Tulienda na fundi wetu jioni, akapiga stati ikashika mara moja, akasikiza kidogo akasema injini safi mama, chukua. Lakini shemeji yangu anasema hizo D-4D injekta zikianza kufa utauza shamba. Pesa tunazo milioni mbili kamili na deni sitaki kabisa. Kuna ingine ya petroli 2.7 tumeiona Mtwapa, bei inakaribia hio hio. Naomba ushauri wako kabla hatujatoa kitu. — Mama Swafia, Shela, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Nianze na lile ambalo hukuuliza, hio milioni mbili kamili. Ukimpa mwenyewe milioni moja na laki tisa unabaki na laki moja, na hio laki moja itaingia kwenye bima na kubadilisha jina na oili na filta, basi umebaki mikono mitupu na gari ya dizeli ambayo hujui ilitunzwa vipi. Mie naona hapo ndipo watu wengi wanapoumia, si kwenye injini. Gari ya umri huo bei yake ni ile unayomlipa muuzaji pamoja na ile utakayomlipa fundi mwaka wa kwanza, na ukiwa na pesa ya kwanza tu basi hio gari hujaiweza bado hata kama imeng'ara vipi. Kwenu ningetaka mbakize si chini ya laki tatu baada ya kila kitu, pesa ya gari peke yake, haiguswi na karo wala harusi.

Sasa tuje kwa gari yenyewe. Shemeji yako hajakosea ila amekutisha bila kukueleza. Injini ya hio Prado, hio D-4D, inaitwa 1KD, lita tatu, silinda nne, na ni injini ya nguvu kweli kweli, kuna zinazotembea miaka na miaka bila kufunguliwa. Ugonjwa wake unajulikana. Kila injekta, ile sindano inayopuliza dizeli ndani ya silinda, inakaa juu ya kiwasha (yani washer, kiringi) kidogo cha shaba kinachoziba moto usipande juu. Kile kiwasha kikichoka, moshi wa mlipuko unapenya unaingia chini ya kifuniko cha valvu, unachanganyika na oili, oili inageuka nzito nyeusi kama lami, halafu inateremka mpaka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Kwenye sampu kuna chujio ambalo pampu inavutia oili, na ile lami inakwenda kukaa pale pale. Chujio likiziba injini inanyimwa oili, tabo (turbo) ndio inatangulia kufa, halafu bering'i, halafu ndio hio hadithi ya kuuza shamba. Yani kiwasha cha bei ya soda kinaua injini nzima kwa sababu hakuna mtu aliyekiangalia.

Kuna na injekta yenyewe kuchoka, inaanza kumwaga dizeli badala ya kuipuliza, silinda moja inapata moto kuliko zingine, na pistoni za hizi 1KD zinajulikana kupasuka zikiachwa hivo muda mrefu. Mwenye gari atakwambia ati ni dizeli lazima igonge kidogo. Isigonge. Ikiwa baridi asubuhi mngurumo mzito ni kawaida, lakini ikishapata moto bado inagonga kama mtu anapiga nyundo ndani, hapo ujue.

Na ndio maana siwezi kulichukua neno la fundi wenu, si kwamba nina ubaya naye, lakini amefika jioni, gari imetembea mchana kutwa, injini moto, ya dizeli ikiwa na moto itashika tu hata iwe mgonjwa. Mwambieni mwenyewe asiiwashe, mnafika kwake alfajiri, na kabla ya salamu hazijaisha weka mkono juu ya boneti. Ikiwa na moto ina maana kuna mtu ameshaiwasha mbele yenu, rudini nyumbani mje siku ingine. Ikiwa baridi, mmoja asimame nyuma kwenye ekzosi na mwingine akae ndani aangalie taa ya oili kwenye dashibodi. Ile taa inafaa izime ndani ya sekunde chache tu, ikikawia kawia kuzima basi oili inapanda kwa shida na lile chujio ndio la kwanza kushukiwa. Aliye nyuma anaangalia moshi, kidogo mweupe unaopotea si neno, mweupe unaoendelea na kunuka dizeli mbichi ni injekta, wa buluu ni oili inaungua, mweusi mwingi ukikanyaga ni hewa ama tabo ama injekta tena. Alafu injini ikiwa inaunguruma fundi afungue kifuniko cha kutilia oili. Ikiwa inapumua kwa nguvu na kutoa moshi unaonuka, iwe ni kile kiwasha kinavujisha ama ringi zimechoka, haya yote mawili ni pesa.

Baada ya hapo gari iwekwe kwenye mashine ya kompyuta. Fundi yeyote mwenye mashine nzuri ya Toyota, na Mombasa wako wengi, anaweza kusoma kompyuta inavyoisaidia kila injekta, inaiongezea ama inaipunguzia dizeli kiasi gani. Namba zikiwa karibu na sifuri injekta nzima, ikipita 3 juu ama chini mafundi wengi wanaihesabu imechoka. Mwambie akupigie picha ya hio skrini, hio ndio karatasi yako ya kuteremshia bei. Na kama mwenyewe ni muungwana kweli atakubali sampu ishushwe, gharama yenu, ni kazi ya gereji ya kawaida na chujio utaliona kwa macho yako, likiwa safi la kung'ara mmetulia, likiwa limevaa kitu cheusi kikavu kinachomeguka ukikigusa na kucha, achaneni nayo hata akiteremsha laki nne.

Hio mita pia sijaipenda. Gari za Uingereza mita zake zinahesabu maili. Kama hakuna aliyeibadilisha, hizo 138,000 si kilomita, ni maili, ambazo ni kama kilomita 222,000. Angalia kwenye mita yenyewe wameandika nini. Na hili lina uzito kwa sababu 1KD ina taimingi belti, ambayo hubadilishwa kwenye kama kilomita 150,000, ikikatika valvu zinagongana na pistoni. Basi ukidhani imetembea 138,000 utasema belti bado ina muda kidogo, na kumbe imepitiliza zamani labda iwe ilibadilishwa na kuna risiti. Usikubali kuambiwa ilibadilishwa, taka risiti, hakuna risiti hesabu belti ni yako, pamoja na kirola chake na pampu ya maji maana ukishafungua pale ni ujinga kurudisha ya zamani.

Halafu kuna raha moja ya gari ya Uingereza watu hawaijui. Kule gari ikifika miaka mitatu inakwenda kukaguliwa kila mwaka, wanaita MOT, na rekodi zake zinafunguliwa bure kwenye tovuti ya serikali yao kwa namba ya zamani ya gari. Muulize mwenyewe karatasi za kuletea gari, ile namba ya Uingereza utaikuta humo, ama wakati mwingine iko kwenye stika ama kijitabu cha sevisi ndani ya droo. Utaona 2012 ilikuwa na maili ngapi, 2013 ngapi, mpaka ilipoondoka, na utaona pia mkaguzi aliandika nini kuhusu kutu. Kama rekodi ya mwisho kule ina maili nyingi kuliko mita ya leo, mazungumzo yameisha hapo hapo.

Kutu ndio hofu yangu kubwa kwa gari hii kuliko hata injekta, nakwambia ukweli. Uingereza wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na ile chumvi inarukia chini ya gari miaka saba. Kisha gari ikaja ikaenda kuishi Gongoni kwenye chumvi tena! Mtu amefanya kazi ya mashamba ya chumvi, gari inapita juu ya matope ya chumvi, upepo wa bahari unamaliza kazi. Rangi ya juu itakudanganya. Panda gari kwenye shimo la gereji ama pale pa kuoshea, chukua nyundo ndogo ugonge chasisi taratibu kuanzia katikati mpaka nyuma, hasa juu ya ekseli ya nyuma na pale springi zinapokaa. Chuma kizima kinalia ting, kilicholiwa kinatoa sauti ya bati bovu na magamba yanadondoka. Angalia na mirija ya breki, na ukiona chini kote kumepakwa lami nyeusi mpya mpya inanuka bado, uliza kwa nini imepakwa wiki hii. Injini unaweza kuitengeneza, injekta unanunua, lakini chasisi iliyooza mie simshauri mtu aichomelee halafu apakie wageni aende nao Sala Geti, porini kule zaidi ya kilomita mia kutoka mjini, hapana. Hapo hakuna cha bei.

Zingine za Uingereza zina springi za hewa nyuma badala ya chuma, waulize, maana mifuko ile ikipasuka bei yake si mchezo, ingawa mafundi wa huku huzitoa wakaweka springi za kawaida na gari inatembea vizuri tu.

Sasa dizeli ama petroli? Tufanye hesabu kidogo. Tuseme mnatembea kilomita 1,500 kwa mwezi. Dizeli hio kwa lita moja inakwenda kama kilomita 10, kwa hivo lita 150. Petroli 2.7 tuseme kilomita 7 na nusu, ni lita 200. Tofauti lita 50, na ukikadiria lita kwa shilingi 175 (bei yenyewe angalia ya EPRA, mamlaka ya kawi, hutangazwa kila tarehe 14 ya mwezi) unaokoa kama 8,750 kwa mwezi, yani 105,000 kwa mwaka. Nzuri. Lakini kama mwezi mbaya, wageni hakuna, gari inakwenda sokoni na shule tu kilomita 500, unaokoa kama 35,000 kwa mwaka mzima, na hio haitoshi hata kuanza kuzungumza habari ya injekta nne. Kwa hivo jiulizeni mnatembea kiasi gani kweli, si kiasi gani mnatamani.

Ile 2.7 ya petroli haina nguvu sana, kwenye mchanga na mlima mkiwa watu saba itawachosha, lakini ina cheni si belti, haina tabo, injekta zake hazisumbui hivo, na fundi yeyote kutoka Watamu mpaka Garsen anaiweza. Kwa mtu mwenye milioni mbili kamili na hana akiba ingine, mie ningeangalia ile ya petroli kwanza, nikaiteremsha bei ifike milioni moja na laki saba ama chini, na nikabaki na pesa mfukoni. Kwa mtu anayekwenda Tsavo kila wiki na ana akiba, dizeli inalipa.

Mkiipenda ya Gongoni bado, fanyeni hivi: nendeni kwa maduka mawili ya spea, moja Malindi moja Mombasa, mpate kotesheni ya maandishi ya injekta nne, viwasha vyake na sili, belti na vikorokoro vyake, na shokapu. Uliza bei ya injekta mpya za Denso na bei ya zilizotengenezwa upya, na uliza gharama ya kuzisajili kwenye kompyuta maana kila injekta ina namba yake ndefu imechapwa kichwani na lazima iingizwe, fundi akikwambia haina haja mtafute mwingine. Jumlisha. Ile jumla umwekee mwenyewe mezani pamoja na picha ya mashine. Kama injekta mbili zimechoka, milioni moja na nusu ndio bei ambayo mie ningeianzia. Akikataa, gari za dizeli hazijaisha Pwani.

Na jambo moja la nje kidogo, hao wageni mnawapakia kwa malipo, basi bima iwe ya kubeba abiria wa malipo na leseni zake ziwe sawa. Bima ya gari ya nyumbani haitakulipa likitokea la kutokea, na hilo nalo ni gharama iingizeni kwenye hesabu kabla hamjanunua.

SWALI: Fundi habari za huko. Niko Mokowe, nafanya biashara kati ya hapa na Hindi, mara moja moja Mpeketoni. Nataka Prado mpya mpya kidogo, ya 2016 ya dizeli 2.8 kutoka Japani, naambiwa hio haina yale matatizo ya injekta ya 3.0. Lakini kuna jamaa anasema ina maji maji fulani lazima uweke. Ni kweli? — Mwanamokowe

JIBU: Ni kweli ndugu yangu. Kwanza ujue Toyota Japani waliacha kuuza Prado ya dizeli kwao mwaka 2007 na wakairudisha 2015 na hio 2.8, kwa hivo kama mtu anakwambia ana Prado ya dizeli ya 2011 ya Japani muulize vizuri, nyingi za miaka hio ni za Uingereza ama ziliuzwa hapa hapa mpya.

Hio 2.8 ina cheni badala ya belti na ni injini tulivu. Shida yake imehamia kwenye ekzosi. Ina chujio la masizi, linaitwa DPF, linakusanya masizi na kila baada ya muda linajichoma lenyewe, na ili lijichome linataka mwendo mrefu wa kasi ya kutosha. Mokowe na Hindi ni karibu mno. Ukitembea hivo kila siku injini haipati moto wa kutosha, masizi yanajaa, taa inawaka, gari inapoteza nguvu. Hata kwa wenye barabara nzuri lilisumbua, Australia mahakama ilisema mwaka 2022 kwamba DPF za Toyota za dizeli za 2.8 na 2.4 zilizouzwa kule kati ya 2015 na 2020 zilikuwa na kasoro, na ni magari zaidi ya laki mbili na nusu. Na dizeli yetu kuanzia 2015 iliruhusiwa salfa hadi 50 ppm, yani sehemu 50 kwa milioni, wakati Japani gari hio ilizoea 10.

Yale maji maji ni AdBlue, ni urea asilimia 32.5 na maji yaliyosafishwa kabisa, ina tangi lake peke yake. Ikiisha gari itakuonya mapema, lakini ukiipuuza mpaka ikauke, ukizima injini haitawaka tena, na uko Mokowe. Uwe na mtungi wa akiba nyumbani kivulini, uliofungwa, wa kiwanda. Kuna watu wanachukua urea ya shamba ya gunia wanaikoroga na maji ya bomba, tafadhali usijaribu, ile ya shamba ina uchafu na madini yanayoganda kwenye pampu na sindano yake, utanunua mfumo mzima. Wengine watakwambia watoe DPF na AdBlue wakudanganyie kompyuta. Nimeona gari zilizofanyiwa hivo zikarudi na taa mbili badala ya moja, na aliyeifanya simu haishiki.

Ushauri wangu, kama ni Mokowe na Hindi tu, 2.8 sio gari yako. Kama angalau mara moja kwa wiki unashuka mpaka Malindi, kama kilomita 220 hivi, basi lile chujio litajichoma njiani na utakaa nayo vizuri. Na yoyote utakayonunua huko kwenu, ivue kapeti za ndani uangalie chini yake matope na kutu kwenye soketi za waya, maana mafuriko ya mwisho wa 2023 barabara ilikatika kule Gamba na kuna gari ziliingia maji ambazo sa hii zimeoshwa zinauzwa.

SWALI: Kaka, nimelipa nusu ya pesa ya gari Watamu, mwenyewe anasema logibuku iko kwa wakili na tutabadilisha jina baadaye nikimaliza. Niendelee? — Kijana wa Timboni

JIBU: Simama hapo hapo, usitoe shilingi ingine. Fanya seachi ya gari kwa NTSA, mamlaka ya usafiri, kwenye eCitizen, ni dakika chache na ada ndogo, uone jina la mwenye gari na kama kuna benki ama kampuni ya mkopo imeandikwa pamoja naye. Tafuta pia kwenye rejista ya mali zinazohamishika, iko huko huko eCitizen, manake logibuku nyingi zinazokuwa kwa wakili ziko kwa mkopeshaji. Linganisha namba ya chasisi iliyopigwa kwenye chuma na ile ya kwenye rekodi, herufi kwa herufi.

Kubadilisha jina hakuhitaji baadaye, muuzaji anaanzisha kwenye akaunti yake, wewe unakubali kwenye yako, mnaweza kuwa mmekaa meza moja pale Timboni. Mwambie pesa iliyobaki utaitoa siku hio mkiwa mmekaa pamoja, na hio nusu uliyotoa mwandikiane leo, na mashahidi wawili, na namba ya kitambulisho chake na ya gari. Akikataa kuandika, nenda kituo cha polisi na ujumbe wako wa M-Pesa kabla wiki haijaisha.